Lori Likiwa Limesimama

Ukimuuliza mtu hatari ya udereva wa lori iko wapi, atakuonyesha barabara. Atataja mteremko, kona, kuovateki vibaya, breki kufeli. Ni kweli kwamba vifo vingi vya madereva kazini vinatokana na kugongana na kupinduka. Lakini ukiwaangalia madereva waliokaa nyumbani wiki au miezi bila kazi, wanaochechemea, wasioweza tena kuinua mkono juu ya bega, utakuta wengi wao waliumia gari likiwa limesimama. Mmoja aliteleza akishuka kabini. Mwingine alidondoka juu ya mzigo akifunga turubai. Mwingine alifungua mlango wa tela, mzigo ukamwangukia. Mafunzo mengi ya usalama bado yanaishia kwenye usukani, ndiyo maana naanzia mlangoni.

Sakafu ya kabini ya lori kubwa iko karibu mita 1.3 kutoka ardhini, nyingine juu zaidi. Mtu akiruka kutoka hapo, miguu inagusa ardhi kwa mwendo wa karibu kilomita 18 kwa saa, na nguvu inayopita kwenye vifundo, magoti na uti wa mgongo ni mara kadhaa ya uzito wake. Kijana wa miaka 25 hasikii kitu. Anaruka mara kumi na tano kwa siku, siku sita kwa wiki, na miaka inavyokwenda goti linaanza kudai. Tena anaruka baada ya kukaa saa nne: misuli ya mgongo imelegea, miguu ina ganzi, na anatua asipopaona vizuri, penye kokoto, mafuta yaliyomwagika au ukingo wa lami.

Namna ya kushuka ni moja. Geuka, uso uelekee kabini, ushuke kama mtu anayeshuka ngazi ya ukutani. Viungo vitatu viwe vimeshika muda wote: mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja. Shika mshikio uliowekwa kwa kazi hiyo. Usishike mlango, kwa kuwa utafunguka nao. Wala usukani, kwa kuwa unazunguka. Mikono iwe mitupu: simu, chupa ya maji na makaratasi uviache kwenye kiti, uvichukue ukishafika chini. Kabla mguu wa mwisho haujaacha kidato, tazama unapokanyaga. Kiatu kiwe na soli yenye meno na kifunike kifundo. Ndala inateleza kwenye kidato chenye tope, na ndala hiyohiyo ikichomoka mguuni ukiwa kabini inaweza kukwama chini ya pedali ya breki. Kidato kilichopinda, au kilicholika mpaka kikawa laini, ni kasoro ya gari sawasawa na taa iliyokufa. Kiandikwe na kitengenezwe.

Ukishafika chini usiinue kitu kizito papo hapo. Diski zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo zimebanwa na kutikiswa kwa saa kadhaa, na misuli inayozilinda bado haijaamka. Anayeinama moja kwa moja kutoka kwenye kiti na kunyanyua gunia anaubebesha mgongo ukiwa katika hali yake dhaifu kuliko zote. Lizunguke gari kwanza. Tazama matairi, gusa mikanda ya mzigo, angalia kama kuna kinachovuja chini. Dakika tano zinatosha kuuamsha mgongo, na ukaguzi unakuwa umefanyika.

Kiti nacho kina lake. Kiti chenye springi au upepo kinarekebishwa kulingana na uzito wa anayekikalia. Kikiachwa kama alivyokiweka mwenzako wa kilo 60, na wewe una kilo 95, kitagonga chini kwenye kila shimo na pigo lote litaingia kiunoni. Sukuma makalio mpaka nyuma kabisa. Klachi ikikanyagwa hadi mwisho, goti libaki limekunjwa kidogo. Mgongo wa kiti uegemee nyuma kidogo, ufanye pembe ya nyuzi 100 hadi 110 na sehemu ya kukalia. Halafu toa pochi kwenye mfuko wa nyuma. Pochi nene inainua nyonga moja, na uti wa mgongo unakaa umepinda safari nzima.

Sasa jambo linaloua kimya kimya: lori linaloondoka lenyewe.

Kichwa na tela vinaunganishwa kwa mipira ya upepo. Mpira mwekundu ndio unaopeleka upepo kwenye matangi ya tela. Ukichomolewa, breki za tela hujifunga zenyewe, na madereva wengi wanachukulia kwamba kazi ya kuliegesha tela imekwisha hapo. Haijaisha. Breki za namna hiyo, kwenye tela ambalo breki yake ya kuegesha haikuwekwa, zinaweza kuwa zimeshikwa na upepo uliobaki kwenye tangi tu. Upepo ukivuja, breki zinalegea. Na siku ya kuunganisha upya hatari ni kubwa zaidi: dereva amerudisha kichwa chini ya tela, amesahau breki ya kuegesha ya kichwa, ameshuka, amesimama kwenye nafasi nyembamba kati ya kabini na tela, na anachomeka mpira mwekundu. Upepo unaingia, breki za tela zinafunguka, na ardhi ikiwa na mteremko kidogo tu, gari zima linaanza kutembea naye akiwa katikati. Wengine wanaruka kulikimbilia na kujaribu kupanda kabini. Lori la tani 30 halikimbiliwi. Ukiliona linaondoka, ondoka njiani, piga kelele, liache liende.

Kwa hiyo mpangilio hauna hiari. Kabla ya kurudi nyuma, hakikisha breki ya kuegesha ya tela imevutwa na kabari zimewekwa kwenye magurudumu. Rudi polepole mpaka kufuli lishike pini ya tela. Kabla hujashuka, jaribu kuvuta mbele kwa gia ndogo, mara mbili, huku tela likiwa bado limefungwa breki. Likigoma kuachia, limeshika. Kisha vuta breki ya kuegesha ya kichwa, zima injini, toa ufunguo, uutie mfukoni. Ndipo ushuke. Chukua tochi, chungulia chini: taya za kufuli ziwe zimeizunguka shingo ya pini, na pasiwe na mwanya kati ya sahani ya kichwa na tumbo la tela. Weka klipu ya usalama. Baada ya hapo ndipo mipira na waya wa umeme vichomekwe, miguu ya tela ipandishwe hadi mwisho, kabari ziondolewe, taa zikaguliwe, na breki ya kuegesha ya tela ifunguliwe mwisho wa yote.

Breki, injini, ufunguo. Mambo matatu, kila unaposhuka, hata kama unashuka kumsalimia mlinzi wa geti. Gari lako likiwa na king'ora kinacholia mlango ukifunguliwa kabla breki haijavutwa, kisikatwe waya eti kinasumbua.

Tairi linastahili kuandikiwa kwa urefu, kwa kuwa watu wamelizoea mno. Tairi la lori hujazwa upepo wa psi 100 hadi 120, karibu bar 7 mpaka 8; vyote viwili ni vipimo vya msukumo wa upepo. Kwa bar 8, kila sentimita moja ya mraba ya ndani inasukumwa kwa nguvu ya uzito wa kilo 8. Eneo la ubavu mmoja wa tairi ni maelfu ya sentimita za mraba. Jumlisha, utapata makumi ya tani yakiwa yamezuiwa na mpira, nyuzi za chuma na rimu. Kimoja kati ya hivyo kikiachia, rimu au ringi yake ya kufungia huruka kama risasi, na aliyesimama mbele yake hapati nafasi ya kukwepa.

Tairi linaloogopesha zaidi ni lile lililotembea likiwa na upepo mdogo. Likishuka chini ya asilimia 80 ya kipimo chake, yaani la psi 110 likawa chini ya 88, na likaendelea kubeba mzigo, nyuzi za chuma za ubavuni zinajikunja na kujikunjua mara maelfu mpaka zinachoka na kukatika moja baada ya nyingine. Kwa nje huoni kitu. Unalijaza upepo upya, nyuzi zilizobaki zinazidiwa, ubavu unafunguka kwa mstari mmoja kama zipu. Tairi la namna hiyo halijazwi likiwa kwenye gari. Linatolewa upepo wote, linafunguliwa, linakaguliwa ndani na anayejua anachokitafuta: mikunjo, vivimbe, nyuzi zinazochungulia, sehemu zinazolainika ukizibonyeza.

Kabla ya kulegeza hata nati moja ya gurudumu lenye kasoro, toa upepo wote. Ondoa kiini cha valvu, kile kisindano cha ndani, uache litoe mpaka linyamaze, kisha pitisha waya mwembamba kwenye valvu kuhakikisha haijaziba. Kwa matairi pacha, toa upepo kwenye yote mawili, hasa rimu zikiwa za vipande vyenye ringi ya kufungia. Rimu ya ndani iliyopasuka mara nyingi inashikiliwa na nati zilezile unazotaka kulegeza. Wakati wa kujaza, tairi liingie ndani ya ngome ya chuma. Mpira wa kujazia uwe na klipu inayojishika yenyewe kwenye valvu, uwe na geji na kifungio upande wako, na uwe mrefu wa kutosha, mita 3 au zaidi, ili usimame upande wa meno ya tairi, mbali na ubavu. Ringi isiyokaa vizuri haipigwi nyundo tairi likiwa na upepo. Toa upepo, anza upya. Na rimu isichomelewe kamwe ikiwa imevikwa tairi, hata kama tairi halina upepo, kwa sababu joto la kuchomelea linaugeuza mpira kuwa gesi inayowaka, na tairi linalipuka kutoka ndani. Hapa ndipo watu husema ajali haina kinga. Hii inayo, nayo ni ngome ya vyuma iliyosimama kwenye kona ya gereji, mara nyingi ikiwa imegeuzwa kuwa stoo ya matairi chakavu.

Gurudumu likirudishwa, nati zikazwe kwa kubadilishana pande, kwa spana ya kipimo, na zirudiwe baada ya kilomita 50 hadi 100 za kwanza, kwani rangi na kutu vikijipanga nati hulegea. Na asiingie mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Mzigo una hesabu yake ambayo wapakiaji wengi hawajawahi kuambiwa. Viwango vya Ulaya vya kufunga mizigo vinataka mzigo uzuiwe usisogee mbele kwa nguvu ya asilimia 80 ya uzito wake, na kwa asilimia 50 pembeni na nyuma. Maana yake, tani 10 ukifunga breki kali zinaisukuma kabini kwa nguvu ya tani 8. Mkanda unaopita juu ya mzigo hauushiki. Unaugandamiza chini ili msuguano ndio uushike. Ndiyo sababu pembe ya mkanda ni muhimu. Ukishuka karibu wima, nguvu yake yote inagandamiza. Ukilala kwa nyuzi 30 kutoka sakafuni, nusu imepotea. Na sakafu yenye mchanga, mafuta au maji inapoteza msuguano, hata mikanda iwe mingi kiasi gani. Pakia mzigo uguse ukuta wa mbele wa bodi. Ukibaki mwanya, uzibe kwa mbao au godoro la upepo. Simama baada ya kilomita 80 za kwanza, au mapema zaidi, ukaze tena, kwani mzigo hushuka na mkanda hulegea.

Kufungua kuna hatari kuliko kufunga, kwa kuwa huoni kilichotokea njiani. Fungua mlango mmoja tu kwanza, ukiwa umejikinga nyuma yake, mkono juu yake, mwili nje ya njia ya mzigo. Ukiona turubai la pembeni limevimba, usifungue hapo. Ita winchi ya mzigo, au fungua upande wa pili baada ya kuchungulia. Kuhusu kupanda juu ya mzigo kufunga turubai: mtu akianguka kutoka mita 3.5 anagonga chini kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa. Turubai livutwe kwa kamba au nguzo mtu akiwa chini, au kwenye jukwaa lenye uzio. Kampuni inayosema jukwaa ni ghali haijawahi kulinganisha bei yake na ya uti wa mgongo uliovunjika.

Machache ya uwanjani kwa haraka. Anayekuelekeza wakati wa kurudi nyuma akitoweka kwenye kioo, simama hapo hapo, usisogee hata nusu mita mpaka umwone. Wengi hubanwa kati ya lori na ukuta wakiwa ndio waliokuwa wanaelekeza. Tipa lisipandishwe bodi kwenye ardhi iliyoinama, wala karibu na nyaya za umeme, maana umeme unaruka kabla chuma hakijagusa waya. Bodi ikigusa waya, baki kabini na umzuie mtu yeyote asisogee karibu. Ukilazimika kutoka kwa sababu ya moto, ruka mbali miguu ikiwa pamoja, usiguse gari na ardhi kwa wakati mmoja, kisha ondoka kwa kurukaruka miguu ikiwa pamoja. Na tipa likianza kulala, usiruke nje. Kabini ndiyo salama yako, mkanda ukiwa umefungwa.

Kulala ndani ya kabini kuna mambo mawili yasiyosamehe: jiko lolote linalowaka ndani, na injini inayonguruma kwenye sehemu iliyofungwa. Hewa ya monoksidi kaboni, sumu inayotoka kwenye vyote viwili, haina rangi wala harufu, na mtu aliyelala haamki. Moshi wa dizeli wenyewe, mwaka 2012, uliwekwa na shirika la utafiti wa saratani la Shirika la Afya Duniani kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Jua nalo halizuiliwi na kioo kama watu wanavyodhani: kioo kinazuia mionzi inayobabua, lakini kinapitisha ile inayozeesha ngozi. Mwaka huohuo jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha picha ya dereva wa miaka 69 aliyeendesha lori kwa miaka 28. Upande wa kulia wa uso wake ni wa mtu wa umri wake. Upande wa kushoto, ulioelekea dirishani, una makunyanzi mazito na ngozi iliyoning'inia, kama wa mtu mwingine. Mikono mirefu na kofia vinasaidia.

Nimeacha usingizi mwisho kwa makusudi, kwa sababu ndio unaounganisha uwanja na barabara. Dereva anayesinzia saa nane usiku kwa kawaida ni yule aliyesimama kwenye foleni ya kupakia tangu asubuhi. Kusubiri si kupumzika. Yuko macho, anasogeza gari mita kumi kila baada ya nusu saa, hajui ataitwa lini. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo, kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa mwaka 1997, anafanya kazi kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, kusinzia sekunde nne ni kwenda mita 89 bila dereva. Mwili una vipindi viwili vya kushuka, saa nane usiku mpaka alfajiri, na saa nane mpaka saa kumi mchana. Kufungua dirisha na kuongeza redio hakusaidii zaidi ya dakika chache. Kinachosaidia ni kuegesha mahali salama, kunywa kahawa, kulala dakika 15 hadi 20, na kuamka kahawa inapoanza kufanya kazi. Kisha subiri robo saa kabla ya kuwasha gari, kwani akili hurudi polepole. Hiyo inakununulia saa moja au mbili, si usiku mzima. Na anayekoroma kwa nguvu, akakatika pumzi usingizini, akaamka amechoka hata baada ya saa nane, amwone daktari. Ugonjwa huo unatibika, na bila tiba, mtu huyo hapati usingizi wa kweli hata akilala.

Lakini dereva hapangi ratiba. Mkataba namba 153 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1979, unataka dereva asiendeshe zaidi ya saa 4 mfululizo bila mapumziko, asizidi saa 9 za kuendesha kwa siku, na apate angalau saa 10 za kupumzika mfululizo katika kila saa 24. Chukua safari ya kilomita 640. Kwa wastani wa kweli wa kilomita 50 kwa saa, ukihesabu milima, miji na mizani, ni karibu saa 13 za usukani. Dereva ameamka saa kumi na moja alfajiri, amefika ghalani saa kumi na mbili, amepakia hadi saa tatu. Akiambiwa afike leoleo, hata akipumzika mara mbili tu, anafika karibu saa tano na robo usiku, akiwa macho zaidi ya saa 18. Ghala la mpokeaji limefungwa. Litafunguliwa saa mbili asubuhi.

Akifuata mkataba, anaendesha saa 9, anaegesha saa moja na nusu usiku baada ya kilomita 450, analala, anaondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, anafika saa tatu na dakika ishirini. Tofauti mlangoni kwa mpokeaji ni saa moja na dakika ishirini. Anayeandika karatasi ya safari aweke juu yake, pamoja na saa ya kuondoka na ya kufika, jina la mahali ambapo dereva atalala.